Aliyetembea Wakati wa Bendera

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini siku ile, nakujibu: chai ya rangi, kikombe kimoja, saa nne asubuhi. Homa sikuwa nayo. Nimechoka na watu wanaonisikiliza huku wanatabasamu, halafu wananiuliza habari za malaria. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, alikwenda na maji mbele ya macho yangu, na mimi ningeweza kumzuia kwa kumwita tu. Sikumwita. Kama unataka kucheka, cheka sasa, umalize.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa ufundi kutoka Kigoma. Chuo kilitutafutia mafunzo ya kazi wakati wa likizo ndefu, miezi mitatu. Wenzangu wakapelekwa Tabora na Dodoma. Mimi, kwa bahati yangu mbaya, nikavushwa ziwa peke yangu hadi Kalemie, nikapandishwa treni ya mizigo, nikakaa juu ya magunia siku nne mpaka Kindu, kwenye karakana ya reli. Siku hizo nchi iliitwa Zaire. Kuitana bwana na bibi hakukutakiwa, kila mtu alikuwa sitwayen, yaani raia, na chama kilikuwa kimoja.

Nilikaa nyumbani kwa msimamizi wangu, Papa Ntumba (papa kwao ni baba), Mluba wa Kasai, mrefu, mwembamba, mtu wa utani. Ndiye aliyenifundisha kuusikiliza ugonjwa wa injini kwa bisibisi ndefu: ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unauweka sikioni. Kiswahili changu kilimchekesha, alisema naongea kama redio; yeye "ndiyo" aliitamka "njo". Mkewe nilimwita Mama, na kusema kweli alinilea. Sahani yangu ilifunikwa kabla ya sahani za watoto wake.

Siku ya kwanza tu Papa Ntumba alinikalisha akanipa sheria moja. Asubuhi bendera inapopandishwa, na jioni saa kumi na mbili inaposhushwa, filimbi inalia, na kila kiumbe kinasimama pale kilipo mpaka filimbi ilie tena. Wa baiskeli anashuka. Mwenye mzigo kichwani anabaki nao kichwani. "Hata nyoka ikikuluma, unasimama," aliniambia, na safari hiyo hakuwa anatania. "Kutembea njo kifungo. Na weye uko mugeni, watakuua na fimbo." Baadaye nikamwona fundi mwenzetu akipigwa kwa kukohoa tu na kuinama. Kwa hiyo nilijua.

Jumamosi mchana hatukuwa na kazi, nami nilikuwa natembea mji peke yangu. Utasema, si walizungumza Kiswahili, ulikosa nini? Nilikosa mtu anayenijua, ndugu yangu. Unaelewa kila neno sokoni na hakuna hata moja linalokuhusu. Nilitembea mpaka soli zikaisha, nikikwepa kurudi chumbani kulia, maana nililia, sioni aibu kusema.

Jumamosi moja jioni, mwezi wangu wa pili pale, nikashuka hadi pale chini ya bandari, mitumbwi inapofungwa. Ilikuwa kiangazi, mto Lualaba umerudi nyuma na kuacha mchanga mpana. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale, kama wa umri wa mama yangu. Akaniangalia akasema, "Mwidiwe."

Hiyo ni salamu ya Kiha, lugha ya kwetu. Miezi miwili sijaisikia! Tukaongea, akanitajia mtaa wetu, akanitajia migebuka, samaki wa ziwa letu, mama yangu anavyoikausha juu ya paa la jiko. Akasema mama analala vibaya kwa kuniwaza. Sikumuuliza amejuaje. Wewe ungeuliza? Akaniambia ng'ambo kuna watu wa kwetu, nyumba nzima, leo wanapika, nivuke naye. Akanishika mkono, na ulikuwa baridi.

Niliona pindo la kitenge chake linadondosha maji. Niliona pia kwamba mchanga chini yake ulikuwa mkavu. Niliviona vyote viwili, niamini, nikajiambia ni jua limenichosha. Nikamfuata.

Tulikuwa hatua chache kutoka majini niliposikia naitwa. Papa Ntumba alikuwa juu ya ukingo, kati ya akina mama wauza samaki, ananipungia. Chakula kilikuwa kinapoa na Mama alikuwa amemtuma anitafute. Nikageuka nimjibu, na hapo hapo filimbi ikalia.

Nikasimama. Wote tukasimama, wauza samaki na visu mikononi, mchukuzi na gunia lake, mwanajeshi kwenye mlingoti wa bandari na mkono kwenye paji la uso. Mwanamke peke yake hakusimama. Akanivuta mara moja, mara mbili. Usidhani nilikuwa shujaa. Nilimwogopa mwanajeshi kuliko nilivyomtamani mama yangu, hiyo tu ndiyo iliyonishikilia.

Akaniachia. Akapanda ukingo taratibu, akapita katikati ya watu, na hakuna jicho hata moja lililomfuata. Akafika kwa Papa Ntumba, akamwambia kitu. Sikusikia, lakini niliuona uso wa Papa Ntumba ukilainika, uso wa mtu aliyesikia lugha ya kwao. Akampa mkono. Wakateremka.

Walinipita karibu hivi, kama wewe na mimi hapa. Papa Ntumba hakuniangalia. Neno Papa lilikuwa mdomoni mwangu, tayari kabisa, nililihisi kwenye meno. Nikatazama mlingoti. Bendera ilikuwa haijafika hata nusu, inashuka polepole kama kawaida yao. Nikasema moyoni, ikimalizika tu. Viatu vyake vikaingia majini, hakuvivua. Mwanajeshi akafoka, "Weye! Simama!" lakini naye hakuthubutu kushusha saluti. Maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani. Watu zaidi ya hamsini tulikuwa tunatazama na mikono mapajani. Nilikuwa nalia bila kutikisika.

Filimbi ya pili ilipolia, kofia yake tu ndiyo ilikuwa juu ya maji. Tukakimbia sote, nikaingia hadi shingoni. Mitumbwi ilitafuta mpaka asubuhi, ikatafuta siku tatu. Hatukupata kitu.

Ofisini waliandika kwamba raia Ntumba alitembea wakati wa bendera. Walichotaka kujua kwangu ni kama aliwahi kukisema vibaya chama. Niliposema habari za mwanamke, karani aliweka kalamu chini akaniangalia kwa huruma. Hakuna mwingine aliyemwona. Ila muuza samaki mmoja alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yule ni mambamuntu, kiumbe cha mtoni kinachojigeuza mtu. "Zamani alikuwa anakuja usiku," alisema. "Siku hizi anakuja saa ya bendera. Anajua hakuna mutu atamufuata."

Mama nilimweleza yote, kwa magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikupita karibu?"

"Karibu, Mama."

"Ungenyoosha mukono, ungemugusa?"

"Ningemgusa."

Kisha akainuka, akaleta sahani yangu, akaiweka mbele yangu na kuifunua. "Kula, mutoto. Njo chakula alienda kukuitia." Nikala, kwa sababu ningefanya nini tena? Alikaa ananitazama mpaka nikamaliza. Laiti angenitukana. Baada ya wiki mbili chuo kikanirudisha nyumbani.

Sasa mimi ni mzee, nimestaafu reli. Tangu mwaka ule, kila siku jioni ikifika saa kumi na mbili, mdomo wangu unajifunga. Dakika chache tu, kisha unafunguka. Nimeshapelekwa hospitali, nimeshaombewa, wapi! Mjukuu wangu aliwahi kukimbilia barabarani saa hiyo, lori linakuja, nami niko barazani nimekodoa macho, siwezi kutoa hata mguno. Mungu ni mwema, bibi yake alikuwa karibu.

Basi nakwambia wewe unayetabasamu. Ukimwona mtu wako anakwenda kusikostahili, mwite. Mwite saa hiyo hiyo, usingoje ruhusa ya mtu. Watakufunga, watakupiga, na mwili utapona. Mimi sikupigwa hata kofi moja.