Samaki Aliowakataa Mama

Enzi zetu, huku kwetu karibu na Ruvuma inapoingia baharini, samaki alikaguliwa kabla ya kununuliwa. Watoto wa leo nadhani wanaamini samaki anazaliwa kwenye friji huko mjini Chikongola. Mama alimbonyeza tumboni kwa kidole gumba, kisha akampapasa mgongo. Akikuta uti umevunjika na nyama imelegea, alimrudisha. Huyo alikuwa wa baruti, aliyeuawa kwa mlipuko. Issa, aliyekuwa akituuzia, akimwona anakuja aliwaambia samaki wake, "Vueni mashati, daktari amefika."

Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi, pweza aliyepigwa mpaka akalainika, na mabibo mpaka midomo ikawasha. Tukiwa tunacheza rede ufukweni tulisikia mlipuko kule mwambani, na wenzetu wakakimbilia kuokota samaki walioelea. Sisi tulikatazwa. Samaki wale waliharibika upesi, na majirani waliwahi kuharisha. Lakini Mama alikuwa na sababu nyingine. "Ukibomoa nyumba ya samaki," alisema, "kesho utamkuta wapi?"

Ukaja mwaka wa mvua nyingi. Kunde zikaozea shambani, mitego yetu ya madema ikatoka majini mitupu. Tukala ugali kwa chumvi. Mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni, akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Muuguzi wa zahanati akamwambia Mama kuwa muhogo mtupu haumtoshi mtoto, ampe samaki au maharage. Maharage dukani hayakuwepo. Issa alikuwa na samaki wa baruti tu.

Nilikwenda na Mama kwa Issa. Alichagua samaki mmoja aina ya changu, hakumbonyeza. Issa siku hiyo hakutania. Alimfunga kwenye jani la mgomba, akasema, "Mtoto apone, mama."

Nyumbani Mama alichukua muda mrefu kuchambua miba, kwa sababu ndani ilikuwa imevunjikavunjika. Akamlisha Zuhura kidogo kidogo. Mimi nililamba mwiko, na sitadanganya, mchuzi ulikuwa mtamu. Mama mwenyewe alikula ugali kwa chumvi. Alirudi kwa Issa mara nyingi, mpaka miguu ya Zuhura ikanywea. Madema yalipoanza tena kupata samaki, kidole gumba kikarudi kazini, na Issa akarudi kwenye utani wake. Jambo lile halikuzungumzwa nyumbani.

Mama tumemzika mwaka huu. Siku ya arobaini, Zuhura aliwakuta wajukuu wanakula chipsi kwenye mfuko wa plastiki, akawaambia kwamba bibi yao hakuwahi kupika samaki wa baruti, hata siku moja. Kisha akanigeukia, "Au siyo, dada?" Nilitazama miguu yake aliyoinyoosha mkekani. Nikasema ndiyo.

Haikuwa kweli, ndiyo maana naandika. Mwamba tuliokuwa tukiokotea pweza sasa, kwa baruti, ni kifusi cheupe. Samaki wengi wanatufikia na barafu kutoka mbali. Bado nawabonyeza, lakini kidole kinakuta ugumu wa barafu tu. Wanaosema Mama aliutunza mwamba ule wanasema kweli, aliutunza miaka mingi kuliko wengi wetu. Lakini sehemu ndogo ya kile kifusi tuliila nyumbani kwetu, na Zuhura yupo.