Nilivyomuua Mama Yake Somoe kwenye Fomu ya Likizo

Naomba niseme leo nikiwa na akili zangu timamu: aliyemuua mama yake Somoe ni mimi. Si kompyuta, si karani (sina karani), wala si wale wa stationari walionichapia fomu. Wiki sita nzima nilikana jambo hili mbele ya watu wazima wenzangu, na mara moja nilikana nikiwa nimevaa miwani ya kusomea, ambayo huwa naivaa nikitaka kuaminiwa.

Nina karakana ndogo ya kukaanga na kufungasha korosho hapa Magomeni, Mtwara, wanawake sita na mimi, ambaye ni mkurugenzi, mtunza stoo, na mtu wa kuandika makala pembeni pale moshi unapopungua. Siku moja nikaalikwa kwenye semina ya waajiri kuhusu sheria za kazi, tukapewa soda na kijitabu cha mwongozo, na nikarudi nyumbani nimeingiwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo, kwa sababu kumbe karibu kila nilichokuwa nakifanya kwa wema kilitakiwa kifanywe kwa maandishi. Nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo nilijiona mtu wa kukielewa kijitabu kile kwa jioni moja. Nilielewa jalada. Ndani kulikuwa na likizo ya hivi na likizo ya vile, inayolipwa na isiyolipwa, na kila moja ina masharti yake, nami nikaokota ile iliyoeleweka haraka, siku nne za kufiwa, nikachapisha fomu yenye visanduku vya kuweka tiki, nikatangaza kwamba kuanzia sasa hakuna ruhusa ya mdomo.

Aliyekuja kwanza ni Zuhura, mkubwa wao kwa umri, mtu wa Mikindani, mwenye sauti ya kuongozea vilio. Alitaka ruhusa ya harusi ya mpwa wake. Nikamnyima, kwa kuwa harusi haikuwa na kisanduku. Wiki tatu baadaye akaja Somoe, ambaye ndiye fundi wangu wa kukaanga, mtu anayejua korosho imeiva kwa harufu tu.

"Madamu, naomba siku nne. Binti yangu anatoka unyagoni kule kwetu Mahurunga."

"Unyago hauna kisanduku, Somoe."

"Hauna nini?"

"Kisanduku. Pa kuweka tiki."

Akaitazama ile fomu kama mtu anayetazama samaki wa jana. "Basi weka msiba. Mwandike mjomba wangu. Alishakufa zamani, hatakasirika."

Nikatafuta mjomba kwenye orodha ya marehemu wanaokubalika. Mume au mke yupo, mzazi yupo, mtoto yupo, babu na bibi wapo, mjukuu yupo, ndugu yupo. Mjomba hayupo. Huku kusini, ambako binti haolewi wala kijana haingizwi jando bila mjomba kusema neno, sheria ilikuwa imemsahau mjomba kabisa. Somoe alikuwa na gari la kuwahi. Akasema, "Wewe utajua madamu, ndiwe uliyesoma," akaondoka.

Hapo ndipo palipoharibikia. Ningeweza kumwita. Ningeweza kuandika "unyago" kwa mkono pembeni na dunia isianguke. Badala yake nikaweka tiki kwenye "mzazi", na kwa kuwa chini yake kulikuwa na mstari unaosema "taja", nikataja: Mama. Kwa nini si baba? Sijui. Nimejiuliza sana. Nadhani sikuwa na habari za baba yake, na mama nilijua yupo, kwa hiyo (hii ndiyo akili ya chuo kikuu) nikaandika mtu niliyekuwa na uhakika naye.

Kijitabu kilikuwa kimesema haki za wafanyakazi zibandikwe mahali pa wazi. Mimi nikabandika haki, nikabandika ratiba, na kwa bidii ya mtu aliyeongoka juzi nikabandika na fomu zilizojazwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Mtawanya kufuata mifuko ya kufungashia. Niliporudi karakana ilikuwa imefungwa, na nje imesimama kirikuu ya kukodi, wanawake wangu watano wamekaa nyuma wamejifunga kanga viunoni, na gunia la mchele katikati yao.

"Madamu!" Zuhura akanipokea kwa kilio. "Mwenzetu kafiwa na mama, wewe unajua tangu jana, unanyamaza? Panda!"

Nikapanda. Naomba mnielewe, au msinielewe, vyovyote. Ningesema nini? Kwamba Somoe kaenda kwenye ngoma, kwa ruhusa ya sherehe ambayo nilikuwa nimemnyima Zuhura? Nikajiambia nitasema tukifika njia panda, kisha nikajiambia nitasema tukivuka daraja, na kila mara mtu alikuwa anasimulia wema wa marehemu (ambaye hawakuwahi kumwona) na mimi nikawa naitikia. Nilijaribu kumpigia Somoe kwa kificho. Hapatikani. Tulipokaribia mto Ruvuma simu yangu ikaingia ujumbe wa kunikaribisha Msumbiji, na kusema kweli nilifikiria kukubali.

Mahurunga tukaisikia kabla ya kuiona. Ngoma.

"He," akasema Zuhura. "Hawa wenzetu wanazika na ngoma?"

"Kila watu na mila zao," nikajibu. Mimi. Mtu aliyesomea mambo ya jamii.

Kirikuu ikasimama, na kabla sijashusha mguu Zuhura ameshaanza. "Mama yetu jamani! Mama yetu katuacha!" Wenzake wakadakia, wakaingia uwanjani mikono kichwani, na ngoma ikanyamaza ghafla. Watu wakatazamana. Kutoka jikoni akachomoka mama mmoja mfupi, kanga mpya, uso umepakwa unga, akasikia kilio, akashika kichwa na kulia kuliko wageni wote. Zuhura akamkumbatia. Wakalia pamoja vizuri sana, nafikiri ndicho kilio cha kweli kuliko vyote nilivyowahi kuona, hadi yule mama alipovuta pumzi akauliza:

"Nani jamani? Nani katutoka?"

"Mama yake Somoe."

"Somoe yupi?"

"Somoe wa korosho, wa Magomeni."

Yule mama akajitoa kifuani kwa Zuhura taratibu. "Mama yake Somoe wa korosho ni mimi."

Zuhura akachomoa karatasi kifuani, kumbe alikuwa ameibandua ukutani ili asikosee jina. "Imeandikwa hapa," akasema, kama mtu anayemwonyesha marehemu kwamba yeye ndiye aliyekosea. Somoe akatoka ndani mbio, akaipokea, akaisoma. Akaniangalia mimi. Mama yake hakuniangalia mimi, alimwangalia yeye.

"Umenizika, Somoe? Kwa siku nne za ngoma?"

Hapa sasa. Mlango ulikuwa wazi, sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na Somoe alikuwa bado ananitazama mimi. Nikasema, "Fomu hizi zinatoka kwenye kompyuta, mama. Wakati mwingine huwa inachanganya."

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, wino wa bluu.

Bi Mwatumu (ndilo jina lake, sikulijua nilipomuua) akajifunga kanga yake upya na kuingia ndani. Wenyeji wakamfuata kumbembeleza, kwamba mwali anatoka, bibi yake ndiye wa kumchezea. Tukasikia sauti yake ikitoka ndani: "Maiti hachezi." Mwali akatoka bila bibi yake. Somoe alimchezea peke yake, na machozi yakimtoka, na watu wakisema ni ya furaha.

Siku nne zikapita, Somoe hakurudi kazini. Mama yake alikuwa hasemi naye, naye hakutaka kuondoka hapo mpaka asemeshwe. Mimi nikafungua kijitabu. Mfanyakazi asipoonekana, aandikiwe barua ya kujieleza, asikilizwe, na kadhalika. Nikaanza kuandika, "Unatakiwa kueleza kwa maandishi sababu za kutokuwepo kazini," nikasita, maana sababu yenyewe ndiyo ilikuwa inaandika. Karakanani korosho zilikuwa zinaungua, na midomo inasema. "Mtu aliyemzika mama yake hivihivi," nilimsikia mmoja akisema, "huyo nyie mnamwachia funguo za stoo?" Zuhura akanigeukia. "Au siyo, madamu?" Nami nikarekebisha miwani yangu, nikaguna guno ambalo lingeweza kuwa ndiyo.

Wiki ya sita nikaenda ofisi ya kazi. Nikamwambia afisa nina rafiki yangu, mwajiri, amepata tatizo. Nikamsimulia yote. Alinisikiliza kwa upole, kalamu imebaki hewani.

"Huyo mfanyakazi wa rafiki yako ana muda gani kazini?"

"Miaka mitatu."

"Na likizo yake ya mwaka huwa anachukua lini?"

Nikamwambia rafiki yangu huwa anafunga karakana siku mbili za Idi.

"Mama," akasema, "siku ishirini na nane. Kila mwaka. Angemtolea nne humo tu, au wangekaa wakakubaliana. Hakukuwa na haja ya kufa mtu." Kisha akaniangalia vizuri. "Mwambie rafiki yako aanze kuwapa watu likizo zao. Na mwambie tutamtembelea."

Nikashukuru kwa niaba ya rafiki yangu. Nikarudi nikajifungia stoo, nikamrekodia Somoe ujumbe wa sauti. Nilianza na maelezo marefu kuhusu visanduku, nikayafuta, nikaanza tena, nikafuta. Uliobaki ulikuwa hivi: "Somoe, wewe ulisema mjomba. Mama niliandika mimi. Mfungulie mama yako asikie."

Siku mbili kimya. Ya tatu, asubuhi, tumekaa wote tunachambua korosho, simu ikalia. Namba ya Msumbiji.

"Ni wewe madamu wa korosho?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndiye uliyemuua."

Nikainuka nitoke nje. "Shikamoo mama. Mama, naomba..."

"Marahaba. Unakwenda wapi? Nasikia viatu. Hao waliokuja kunililia wapo hapo?"

"Wapo."

"Weka sauti ya nje."

Nikaweka. Wanawake watano wakaacha kuchambua.

"Haya, sema tena, ulivyomwambia mwanangu."

Nilivua miwani. Nikasema: fomu niliandika mimi, kwa mkono wangu, Somoe hakusema hivyo, na kule Mahurunga nilidanganya. Zuhura akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Haikutoka sauti, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimjue.

"Mmesikia?" akauliza Bi Mwatumu.

"Tumesikia, mama," wakaitikia.

"Basi. Somoe anakuja Jumatatu. Na wewe madamu."

"Abee, mama."

"Siku nikifa kweli, usiandike wewe."

Akakata simu.