Dereva Aliyesema Daisi

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, katikati ya somo la jiografia, mwalimu alitutangazia kwamba dereva aliyekuwa akituleta shuleni Kasulu kutoka Kibondo amefariki kwa homa. Mwenzangu wa dawati la nyuma akanong'ona, "Yule mlevi?" Wengine wakacheka kidogo. Wasomaji wangu wa kila wiki wa safu hii, ule ulevi niliutunga mimi.

Marehemu alikuwa na neno moja la Kiingereza, daisi, yaani "dicey", alilolipata kwa mhandisi Mzungu ambaye zamani yeye alikuwa dereva wake. Sisi tuliliokota kwake tukalitumia ovyo: mtihani wa hesabu daisi, maharage ya bwaloni daisi. Yeye hakulichezea. Daraja likiwa limeoza alisema hatari, akageuza lori. Likiwa zima alipita kimya. Daisi ilikuwa ya pale katikati, mahali ambapo hajui na hataki kujifanya anajua.

Masika yaliyopita, siku ya kufungua shule, wenzangu wote walikuwa wametangulia, mwanafunzi kwenye lori nilikuwa mimi peke yangu. Tulipofika daraja la magogo alishuka, akayakanyaga moja moja, akarudi. "Hii daisi. Shukeni, na magunia yashuke." Mama mmoja muuza maharage akamwambia kama anaogopa magogo si angebaki kwake alime muhogo. Akamjibu taratibu, "Mama, kulima najua. Hili gogo silijui." Tukavuka kwa miguu, magunia kichwani, naye akavusha lori tupu peke yake. Gogo la tatu lililia, halikuvunjika. Muda wa saa tatu nzima uliishia hapo, kushusha na kupakia.

Nilifika jioni, na mkuu wa shule akataka kujua sababu. Mbele ya wakubwa maneno hunikaukia, basi nikashika lililo fupi: dereva alilewa. Mimi nikasamehewa viboko, yeye akanyang'anywa kazi ya kubeba wanafunzi, na hakurudishiwa mpaka anakufa. Tunamsifu dereva anayewahi, na anayetufikisha wote tunamwita mwoga. Nasema bila kusita kwamba kukiri usichokijua, kisha ukashuka kukipima kwa miguu yako mwenyewe, ni nusu ya ufundi wa kazi yoyote.

Jumatano asubuhi, kabla ya kengele, nilibisha hodi ofisini kwa mkuu wa shule, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akaniuliza kama naweza kuyasema hayo hayo mstarini, mbele ya shule nzima. Nikamwambia sijui. Kengele ilipolia nilitoka, nikasimama mbele yao, nikayasema.