Bonde Nililoliita Kavu

Mwanangu, wewe unayeanza kazi ya kupima ardhi, kaa kidogo nikueleze. Nakumbuka siku moja ya Aprili, karibu na Khayega, nilizama matopeni hadi kiunoni mbele ya kikundi kizima cha akina mama.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nina kofia pana na maneno mengi. Kazi yangu ilikuwa kupanga ardhi iliyoharibika kulingana na udongo na mvua yake, ijulikane ni miti gani itairudishia uhai. Bonde hilo lilikuwa limechimbwa na wafyatua matofali, likabaki mashimo. Nilifika Januari, jua kali, udongo umepasuka kama visigino vyangu vya sasa. Sikuchimba. Sikuuliza mtu. Nilichungulia dirishani mwa gari, nikaandika: "Ardhi kavu. Ipandwe migunga." Kisha nikaenda zangu kula ugali kwa kuku.

Akina mama wakaotesha migunga, wakaitekea maji kila asubuhi. Siku ya kupanda nikajitosa katikati ya bonde kutoa hotuba. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na nyasi changa zimefunika kila kitu.

"Ardhi hii, kina mama, ina kiu!" nikasema, nikapiga mguu chini kwa mkazo.

Ardhi ikanipokea.

Kukhu Rasoa, bibi aliyeongoza kikundi, akanitazama bila haraka. "Wewe ulikujanga hapa lini?"

"Januari, Kukhu."

"Na mwaka iko na miezi ngapi?"

"Kumi na miwili," nikajibu, nikiendelea kushuka.

"Maji inasimamanga hapa miezi mingi. Hata ng'ombe yangu inajua, na haijaenda chuo."

Ng'ombe huyohuyo ndiye aliyenivuta kwa kamba. Viatu vilibaki. Akina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Kukhu peke yake hakucheka. Aliinua mche mmoja, akasema polepole, "Hii tumelea kama mtoto. Sasa tuizamishe?"

Mwanangu, afadhali angenichapa.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu, nikakiri kwamba sikuchimba hata shimo moja. Alinifokea vya kutosha, akanirudisha na jembe. Nikachimba mvuani na juani, Kukhu akinionyesha maji hufika wapi. Migunga tukaihamishia kilimani, kwenye changarawe. Bondeni tukapanda miti ya kwetu inayopenda maji. Sasa hivi kuna vyura huko, na kelele zao ni za watu wenye hatimiliki.

Basi usiihukumu ardhi kwa ziara moja. Uchimbe, uushike udongo mkononi, urudi msimu mwingine, umuulize anayeishi hapo. Na ukikosea, sema mapema, kabla jasho la wengine halijapotea.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mapana kuliko kofia, na akuweke hai uone miti yako ikikupita urefu.