Ugonjwa wa Bosi

Nichekeni tu, mtaa mzima wa Mwanga umeshanicheka. Mbwa wangu Bosi, mstaarabu kuliko wapangaji wangu wote, alianza kukojoa sebuleni. Nikamfokea, akakojoa. Nikaondoa zulia, akakojoa sakafuni. Nikajua basi, figo zimefeli. Nikamwita bwana mifugo, na majirani wakaja kumpa mgonjwa pole.

Bwana mifugo akampapasa Bosi tumbo, akauliza, "Hapa nyumbani kuna kilichobadilika?"

"Hakuna," nikajibu kwa uchungu. "Ila amekuwa mlafi. Kutwa anaparura mlango wa nyuma anitafunie dagaa nilioanika uani. Siku hizi naufunga."

"Zamani alikuwa anajisaidia wapi?"

"Si hukohuko uani!"

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na bado sikujisikia. Mke wangu alinisikia. Akaenda kufungua mlango.

Bosi alichomoka, akawapita dagaa bila hata kuwanusa, akainua mguu kwenye mpapai. Akakojoa, akakojoa, macho kayafumba kwa raha.

Bwana mifugo akafunga mkoba wake taratibu, akanigeukia mbele ya majirani wote.

"Na wewe, Baba Neema, tatizo lako lilianza lini?"