Wazungu Hawamo Kitabuni

Mwaka 1956 Mwalimu Mwatumu binti Uweso alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, cheti cha ualimu, na darasa la nne lenye watoto arobaini na mmoja katika shule moja ya Ngamiani, mjini Tanga. Majirani wa barabara ya tisa, alikozaliwa, walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba mwanamke aliyesoma kiasi kile hapati mume, wakawa wanamwonea huruma kwa zamu. Mwenyewe hakupata nafasi ya kusikitika. Kila jioni alikuwa na madaftari arobaini na moja ya kusahihisha.

Mwezi wa pili vilikuja vitabu vipya. Mwalimu Mkuu, Bwana Sadalla, mtu aliyeamini kwamba kila kilichopigwa chapa ni kweli, na kilichopigwa chapa Uingereza ni kweli zaidi, alivileta darasani kwa mikono yake. Kitabu kiliitwa *Makabila Yetu na Tabia Zao*. Aliyekiandika alikuwa afisa mmoja aliyekaa Tanga miaka mitatu, mmojawapo akiugua homa kitandani, na ambaye kwa sababu hiyo alitujua wote barabara. Dibaji ilieleza kwamba kusudi la kitabu ni kuwasaidia watoto wa Kiafrika wajitambue.

Basi watoto wakaanza kujitambua. Walisoma kwa sauti moja kwamba Wadigo hupenda nazi, ngoma na kukaa kivulini, na kwamba kazi si desturi yao. Wabondei, walisoma, ni wapole na hupenda shule, ila shule huwapa kiburi. Wapemba hula pweza na huogopa majini. Wasegeju walipewa mistari minne tu, na mmoja katika hiyo ulihusu mbuzi.

Mwatumu, ambaye baba yake alikuwa Mdigo na alikufa na jembe mkononi huko Pongwe, aliusikiliza ukurasa wa Wadigo hadi mwisho, akawaambia watoto wafunge vitabu. Kubishana na kitabu haikuwa kazi yake. Alikuwa ameajiriwa kufundisha kilichomo.

Siku ya pili, kabla ya kengele, alimkuta bibi mmoja ameketi kwenye ngazi ya darasa, jembe limeegemezwa ukutani. Alikuwa Bibi Mwanamkasi, nyanya yake mwanafunzi mmoja aitwaye Safari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu kanisomea kitabu jana. Nimekuja kumwona huyo aliyeandika kwamba mimi sipendi kazi."

"Hayupo, bibi. Amestaafu, amerudi kwao."

"Amestaafu ana miaka mingapi?"

"Hamsini na mitano, nasikia."

Bibi Mwanamkasi akalishika jembe lake. "Mimi nina sabini na kitu, na hapa natoka shambani. Basi mwandikie. Mwambie apumzike vizuri."

Bwana Sadalla, aliyekuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, alimweleza bibi kwa upole kwamba kitabu hakimsemi yeye, kinasema kabila. Bibi akamwuliza kama yeye si kabila, hilo kabila ni nani na linalima wapi. Mwalimu Mkuu akakumbuka kwamba ana barua za kujibu.

Hapo ndipo Mwatumu alipofanya kosa lake la kwanza, kama lilivyokuja kuitwa baadaye. Aliwaambia watoto waulize nyumbani, kila mmoja aandike ukurasa wa watu wake kama wanavyojieleza wenyewe. Kwa juma zima walileta mambo ambayo afisa wa watu, kwa ajili ya homa, hakuyapata. Mmoja alileta namna mama yake anavyopika bada, ugali wa muhogo. Mwingine alileta majina ya babu zake hadi wa saba, na wa saba alikuwa mwizi wa ng'ombe, naye akaandikwa vilevile. Safari akaja na daftari tupu.

"Mwalimu, baba Mdigo. Mama mama yake Mpemba, baba yake Mzigua. Mimi nimezaliwa Pangani. Niandike ukurasa gani?"

"Wewe wajiona nani?"

"Mimi? Mimi Safari."

"Basi andika ukurasa wa Safari."

Akaandika. Ulikuwa mrefu kuliko kurasa zote, na ndani yake hakuonekana mtu aliyekaa kivulini.

Yudith, msichana wa Kibondei mwenye tabia mbaya ya kusoma vitabu hadi mwisho, ndiye aliyeinua mkono. "Mwalimu, Wazungu wako ukurasa wa ngapi?"

"Hawamo."

"Wao si kabila?"

Hapo Mwatumu akafanya kosa la pili. Alisema kama hawamo ni upungufu wa kitabu, na upungufu hujazwa. Wazazi wengi wa darasa lile walikuwa wapishi, madobi na watunza bustani wa Wazungu wa Raskazone, kwa hiyo wataalamu hawakukosekana. Aliwapa sharti moja: waandike kwa mtindo uleule wa kitabu, kwa adabu, wasiongeze chumvi.

Mwezi wa saba akaja mkaguzi, Bwana Pirie, ambaye alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili. Bwana Sadalla alikuwa amefagilisha uwanja mara mbili na kumwomba Mwatumu afungie kabatini madaftari yote "yenye bidii nyingi". Mwatumu akayafungia. Lakini Yudith alikuwa na daftari lake mkobani, na mkaguzi alipouliza nani atamsomea alichojifunza juu ya makabila, alisimama yeye, akasoma bila kukwama:

"Wazungu wa Tanga hukaa Raskazone, karibu na bahari, lakini hawali pweza. Chakula chao kikuu ni viazi. Huwapenda sana mbwa, nao hulala ndani ya nyumba. Watoto wao wakifika miaka saba hupelekwa mbali kwa miaka mingi. Labda ni jando. Kila asubuhi hupandisha kitambaa juu ya mti na kukisimamia kimya. Jioni hukusanyika katika nyumba moja kunywa, na mtu wa kabila jingine haruhusiwi kuingia ila ameshika sinia. Ni watu wapole, lakini huogopa jua na huamini mno karatasi. Kufua si desturi yao."

Bwana Sadalla alikuwa akitazama dari kama mtu anayetafuta mahali pa kupandia.

"Nani amekufundisha haya?" mkaguzi akauliza.

"Tuliuliza nyumbani, bwana. Baba yangu ni mpishi wako."

Bwana Pirie alikunja karatasi zake, akashukuru, akaenda zake bila kunywa chai aliyoandaliwa. Mwatumu aliogopa kwa siku nne, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mpishi. Alikwenda hadi nyumbani kwa kina Yudith kuomba radhi. Baba yake Yudith alimkaribisha kiti, akamwambia asijisumbue: Jumamosi wageni kumi na wawili walikuwa wamealikwa kwa Bwana Pirie, na bibi mwenye nyumba hakujua hata jiko linawashwaje. Hafukuzwi. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwuliza kama binti yake alisoma vizuri.

"Alisoma vizuri sana."

"Sehemu ya jando nilimpa mimi," akasema, akamjazia kahawa.

Barua ilifika baada ya majuma mawili. Ilimsifu Mwatumu kwa juhudi zake na kumhamishia Pangani kwa faida ya elimu. Elimu ya watoto gani, barua haikusema. Vitabu viliondolewa shuleni visahihishwe, na vilipotoka upya miaka miwili baadaye, ukurasa wa Wadigo ulikuwa umeongezwa mstari mmoja: wazee wao hupenda kulalamika.

Mwatumu alifunga mizigo yake kwa hasira, kisha, basi lilipokuwa likikaribia Pangani, aligundua kwamba hasira imemwisha na ana njaa tu. Mwalimu mkuu wa huko alimpokea kwa heshima, akamtazama kwa makini.

"Wewe ndiye yule wa Wazungu?"

"Ndiye mimi."

Akampa darasa la kwanza, watoto hamsini, akamweleza kwa furaha kwamba hakuna hata mmoja ajuaye kuandika. Mwatumu akashukuru, akaomba chaki.