Nusu Debe la Mama

Mie nikisikia mtu anatamba kwamba mtaa wake umepiga hatua katika usafi, nacheka kwa dharau. Hatua hizo nimeziona zikipigwa kwetu Temeke, enzi za ruksa, maduka yalipojaa bidhaa za nje na mitaro ikajaa mifuko ya nailoni.

Iliundwa kamati ya usafi. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu, mtu wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Wakapita nyumba kwa nyumba na debe, wakapima takataka za kila kaya, wakasema watarudi baada ya masika kuona nani kapunguza. Asiyepunguza, kama anafanya biashara barabarani, ataondolewa. Mama yangu akaingiwa na hofu, maana sie tulikuwa tunakula na kusoma kwa kibanda chake cha wali maharage, pale kwenye kona yanapoegeshwa malori ya Kurasini.

Sasa apunguze nini? Kwetu machicha ya nazi yalikuwa chakula cha kuku, vifuu vya kuwashia moto, maganda ya muhogo ya mbuzi wa jirani, majivu ya kusugulia sufuria. Kopo la maziwa likiisha linageuzwa koroboi. Mara ya kwanza alikutwa na nusu debe. Masika yakapita, akapimwa tena, nusu debe.

"Mama, hujaonyesha maendeleo," mwenyekiti akamwambia.

"Baba, nipunguze nini tena? Niwatupe watoto?"

"Sisi tunaangalia tofauti tu."

Tofauti! Jirani yetu muuza mafriji alikuwa anajaza maboksi na maplastiki mapipa kwa mapipa. Akapunguza yakabaki mawili, mengine akawa anayamwaga bondeni, na mtaa mzima unajua. Huyo ndiye akaitwa mfano wa kuigwa. Mama yangu akavunjiwa kibanda. Nilimchukia yule mwenyekiti, na sioni haya kusema hivyo.

Hata wiki haijaisha, huyo tena mlangoni, mkavu wa macho! Eti wageni wa wilaya wanakuja kuona maendeleo, na pilau ya kuwalisha itapikwa na nani kama si mama? Nikamwambia mama akatae. Akaniambia ninyamaze. Alidhani wakishiba watamhurumia, watamrudishia kona yake.

Wageni na kamati wakala uani kwetu. Walileta sahani za karatasi na vikombe vya plastiki, eti kina mama wasipate taabu ya kuosha. Mwenyekiti akahutubia kuhusu kupunguza takataka huku kashika paja la kuku. Walipoondoka walituachia uchafu ambao nyumba yetu haijawahi kuuona. Kuhusu kibanda, hakuna aliyefungua mdomo.

Kesho yake kamati hiyohiyo ikaja na debe kuanza raundi mpya ya kupima. Wakakuta rundo limefika dirishani. Wakapima, wakajaza debe, wakamwaga, wakajaza tena.

"Loo, mama, safari hii umezidi!" mwenyekiti akasema, akitikisa kichwa.

Sahani zao wenyewe, jamani! Nilitaka kumrukia, mama akanishika mkono. Tukachimba shimo nyuma ya choo, tukazifukia zote.

Waliporudi kupima, tulikuwa na nusu debe letu lilelile. Basi ilikuwa vigelegele. Hakuna kaya mtaa mzima iliyopata kupunguza kiasi kile! Mama akaitwa mbele ya mkutano, akapigiwa makofi, akarudishiwa kona yake palepale, kisha akaambiwa atoe neno la kuwatia moyo wenzake.

Alitabasamu, akakaza kanga kiunoni.

"Ahsanteni," akasema. "Ila mkitaka nipunguze zaidi, njooni mle tena kwangu."

Mwenyekiti akashukuru kwa ukarimu, akauliza kama Jumamosi ijayo itafaa.